Mkungu haufuati kalenda ya London

Ikifika Oktoba, makundi ya WhatsApp ya familia nyingi za Dar es Salaam hupokea picha za aina moja. Binamu aliyeko Toronto, shemeji wa Minneapolis, mdogo wetu anayesoma Leeds: kila mmoja kasimama chini ya mti uliogeuka rangi ya moto, majani yamemfika vifundoni. Chini ya picha huja maneno yenye huzuni kidogo. Siku zinakwenda. Nimemkumbuka bibi. Mwaka ndio huo unaisha. Huku nyumbani watu hujibu kwa vimoyo na "pole na baridi", kisha wanarudi kwenye feni.

Huzuni hiyo imeanza kuhamia kwetu. Soma mashairi ya vijana wa Tabata na Mbagala mtandaoni, utakuta majani yanapukutika kwenye upepo wa baridi na mpenzi anaondoka ndani ya ukungu, ilhali nje ya dirisha la mshairi jua ni la saa saba mchana na mwembe wa jirani umebeba maembe machanga. Sina ugomvi na kuazima. Nusu ya vilivyomo jikoni mwetu vilikuja na jahazi. Ila picha ya jani linaloanguka imesukwa kwa nyuzi tatu: kazi ya mti, mwendo wa jua, na desturi ya watu kukumbuka waliowapoteza. Zimekaa pamoja muda mrefu hata zinaonekana uzi mmoja, na mtu anaishia kuamini kwamba pasipo na majira ya majani mekundu hapana pia majira ya kukumbuka.

Tuanze na mti, na mti wenyewe uwe mkungu. Upo Upanga, upo Ocean Road, upo Masaki, na shule nyingi za msingi za zamani hapa pwani zinao uwanjani. Watoto hula nyama ya kungu, halafu hugonga kokwa kwa jiwe wapate ile mbegu nyeupe ya ndani. Matawi yake hukaa tabaka juu ya tabaka, kivuli chake ni kizito, na ni mmoja wa miti michache ya mjini ambayo majani yake hubadili rangi waziwazi kabla ya kuanguka: manjano, shaba, kisha damu ya mzee.

Okota jani lililodondoka asubuhi hiyo hiyo, utazame mwisho wa kikonyo chake. Hakuna nyuzi zilizochanika. Pamekatika pasafi, na ukilitafuta tawi lililolibeba utakuta kovu dogo lililokwisha kuzibwa. Upepo haukulinyofoa jani hilo. Mti wenyewe uliliachia, na maandalizi ya kuliachia yalianza siku nyingi kabla.

Jani lenye afya hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka kupitia kikonyo kuelekea tawini. Inapoendelea kushuka, kiungo cha jani na tawi hubaki imara. Jani likizeeka, au maji yakiadimika, oksini hupungua na gesi iitwayo ethilini hupata nguvu. Hapo tabaka jembamba la seli kwenye shina la kikonyo huanza kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi inayoshikanisha seli na seli. Upande wa tawi mti unajenga kizibo. Mwisho wake jani linashikiliwa na vijishipa vichache tu, na uzito wake wenyewe unatosha kumaliza kazi.

Kabla ya hapo mti umekwisha kuchukua chake. Naitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani ya jani, karibu nusu yake, hurudishwa mwilini mwa mti. Klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjwa, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake siku zote inajitokeza. Wekundu ni habari nyingine: hutengenezwa upya, jani likiwa tayari limo njiani kuondoka. Kwa nini mti utumie nguvu kupaka rangi kitu unachokitupa, wataalamu bado wanabishana.

Ethilini hiyo, kwa taarifa yako, kila mtu wa Dar aliyewahi kuvundika ndizi amefanya nayo kazi. Unapanga chana za ndizi mbichi ndani ya pipa, unatia mbivu moja au mbili, unafunika kwa gunia. Ile mbivu inatoa gesi, na gesi inaziivisha nyingine. Gesi inayotuivishia ndizi za Mabibo ndiyo inayoliachanisha jani la mkungu na tawi lake. Kuiva na kuanguka vina mjumbe mmoja.

Sasa fanya jambo jingine. Vunja tawi bichi la mkungu ukaliache likining'inia. Majani yake yatanyauka, yatakuwa kahawia, yatakakamaa, lakini mengi hayatadondoka. Yatang'ang'ania tawi lililokufa wiki nyingi, mpaka yaliwe na hali ya hewa. Sababu ni kwamba kuachia jani ni kazi, na kazi inataka aliye hai. Hapa ndipo sitiari tuliyoizoea inapoyumba. Tunasema jani likianguka ni kifo, wakati kwenye mti ishara ya kifo ni jani lisiloweza kuanguka.

Mama mmoja anayefagia barabara Upanga, amevaa kizibao chake cha kung'aa na fagio la chelewa mkononi, hahitaji kuelezwa hayo. "Shikamoo mama, majani leo mengi." "Marahaba baba. Huu mti hauna likizo. Nafagia huku, nikigeuka nyuma umeshamwaga." Kwake mkungu ni mfanyakazi mwenzake mwenye bidii ya kukera. Na ana sababu ya kukereka, maana majani yale mapana yakishuka kwenye mfereji kabla ya mvua za mwanzo, maji ya barabara nzima yanahamia uani kwa watu.

Uzi wa pili ni jua. London ipo nyuzi 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Juni mchana wake unazidi saa 16. Desemba haufiki saa 8, na jua hutua kabla ya saa kumi za alasiri kwa hesabu yetu ya saa. Dar es Salaam ipo nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Mtu anaweza kuzaliwa Ilala, akakua, akazeeka, na kila siku ya maisha yake magharibi ikaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro.

Miti ya kaskazini hupima urefu wa usiku. Usiku ukianza kurefuka na baridi ikikaribia, jani huwa mzigo: mwanga wa kulilisha umepungua, maji ardhini yatakaribia kuganda, na jani laini likikutwa na barafu litaharibika na kila kilichomo. Kwa hiyo mti unakusanya mali na kuachia. Hoja iliyo muhimu kwetu ni kwamba miti yote inasoma anga moja. Hauachii mmoja ukaubakisha jirani yake. Msitu mzima, jimbo zima, kisha nchi jirani, ndani ya wiki chache, na wimbi hilo la rangi likitoka kaskazini kwenda kusini huonekana hata kwa setilaiti.

Dar miti hupima maji zaidi kuliko mwanga, na kila mmoja una hesabu zake. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna kipupwe, ile miezi ambayo alfajiri hushuka hadi nyuzi 18 au 19 na wazee wa Kigogo wanatoa masweta. Mbuyu huvua majani kiangazi na kusimama mtupu miezi mingi. Anayepita Kunduchi au Msasani wakati huo anaweza kudhani umekufa. Msufi nao hupukutisha, ndipo hupasua maganda yake na kupeperusha sufi juu ya mabati. Mwarobaini unamwaga majani na kuchipua upya haraka kiasi kwamba ukisafiri kidogo tu hutajua kama lilitokea jambo. Mkungu kwa kawaida huvua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mikungu miwili ya mtaa mmoja haisikilizani. Mkrismasi, uliotoka Madagaska, huachia kitu kingine kabisa: Novemba na Desemba ni maua yake mekundu yanayotandika lami, wakati huko kwa binamu hata jani la kuanguka halijabaki.

Na kuna kuanguka kukubwa kuliko kote ambako hakuna anayekuandikia shairi. Kipupwe kikielekea kuisha, miembe hutoa maua. Kichala kimoja kinaweza kuwa na mamia ya maua, na chini ya moja katika mia litafika kuwa embe la kuliwa. Mengine yote huanguka: kwanza maua, kisha viembe vya ukubwa wa harage, kisha vya ukubwa wa yai ambavyo watoto huviokota na kula na chumvi na pilipili. Mnazi nao hudondosha vidaka kwa wingi kabla havijawa vitale. Hesabu ya kilichopotea chini ya mwembe mmoja ingetosha majira mazima ya huzuni. Ila huwezi kumhuzunisha mtu wa Dar kwa habari za mwembe unaokaribia kuiva.

Kwa hiyo kuanguka tunako, tena mwaka mzima. Tusichokuwa nacho ni kuanguka kwa pamoja, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloipa picha ya kaskazini nguvu yake. Kule mtu aliyefiwa na mama yake Mei, akanyamaza, akarudi kazini baada ya siku tatu, hukutana na mji mzima umevua majani na hana pa kugeuzia uso. Kila dirisha linasema neno moja. Giza linaingia mapema, mavuno yamekwisha, na huzuni aliyokuwa nayo peke yake inapata mahali pa kukaa mbele ya watu bila yeye kusema lolote. Kule miti ndiyo inayokaa matanga.

Huku tunakaa wenyewe. Fikiria msiba wa kawaida wa Temeke. Turubai limefungwa kuvuka barabara, na bodaboda wanapinda kona bila kulalamika. Viti vya plastiki vya kukodi, vimeandikwa nambari nyuma kwa rangi. Meza ndogo ya rambirambi, na kijana mwenye daftari anayeandika jina na kiasi, maana kesho kwako. Kina mama kwenye mikeka ndani, kina baba nje, na mazungumzo ya nje yakianza na marehemu yataishia kwenye mpira, hapana anayeona vibaya. Sufuria la wali uani linakorogwa kwa mwiko mrefu. Jioni watu wanalala hapo hapo. Baada ya hapo kuna kuanua tanga, kuna arobaini, kuna khitma au misa ya shukrani. Mtaa mzima umeangusha shughuli zake kwa wakati mmoja, na haukuhitaji mti kuuelekeza. Ndiyo maana nadhani mgeni wa kwetu aliyeko Leeds huguswa sana na yale majani: amefika mahali ambapo jirani hajui kama umefiwa, lakini mti wa jirani unajua.

Dini nazo zimetufundisha kukumbuka kwa kalenda zisizotegemea miti yetu. Novemba 2 Wakatoliki huadhimisha marehemu wote. Siku hiyo ilienezwa na abasia ya Cluny, Ufaransa, chini ya abati Odilo karibu mwaka 998, mahali ambapo Novemba ni miti mitupu na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Wamisionari waliileta sikukuu, majani wakayaacha. Dar Novemba 2 inaangukia ndani ya vuli: nyasi za makaburini zimefumuka, watu wanakwenda na fyekeo na jembe kabla ya mishumaa, na manyunyu yanazima mishumaa hiyo padri akiwa katikati ya baraka. Ni siku ya kukumbuka waliokufa inayofanyika wakati kila kitu kinachipua. Sijawahi kusikia mtu akilalamikia ukinzani huo.

Waislamu wana jambo la ajabu zaidi. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, na huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Idd el-Fitr ilikuwa mwishoni mwa Desemba mwaka 2000, mwishoni mwa Julai 2014, mwishoni mwa Machi 2025. Mtu wa Kariakoo aliyezoea kuzuru kaburi la baba yake siku ya Idd amelizuru kwenye jua la kaskazi, kwenye ubaridi wa kipupwe, na kwenye matope ya mwanzo wa masika. Kumbukumbu yake haikufungwa kwenye majira yoyote. Inatembea.

Wala kuanguka hakuhitaji majira ya majani makavu hata huko kwenye majira manne. Wajapani, wenye miti mizuri ya majani mekundu, wamelipa uzito mkubwa anguko la maua ya mcheri, linalotokea mwaka unapofunguka, Machi na Aprili. Wanakwenda chini ya miti na chakula, wanakaa, na maua yanawaangukia.

Picha zetu wenyewe za kuanguka zina mwelekeo mwingine, na mwelekeo huo unanivutia kuliko majani. Wahenga walisema mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Angalia jicho la methali lilipoelekezwa. Mti umetajwa mara moja tu, kisha habari yote ni ya ndege. Hatuambiwi mti ulijisikiaje wala ulikuwa mzuri namna gani. Tunaambiwa nani sasa hana pa kulala. Ndiyo maana kwenye salamu za rambirambi za Dar, mzee maarufu akifariki, huwezi kukosa mtu wa kuandika kwamba mbuyu umeanguka. Anazungumzia kivuli.

Na mbuyu ni chaguo sahihi kuliko wengi wanavyojua. Mti huu mara nyingi huoza kutoka ndani, shina likabaki limesimama na sura yake ile ile, kisha siku moja hubwagika na kuwa rundo la nyuzinyuzi zilizolowa. Mwaka 2018 watafiti waliopima umri wa mibuyu ya Afrika walitangaza kwamba kati ya 13 iliyo mikongwe kuliko yote, 9 ilikuwa imekufa au mashina yake ya kale yameporomoka ndani ya miaka kama 12, mingi ikiwa kusini mwa bara. Walishuku mabadiliko ya tabianchi bila kulithibitisha. Mzee aliyekuwa akikaa kibarazani jana, na leo "presha ilipanda akaanguka bafuni", ameondoka kwa namna ya mbuyu. Majani hayana mfano wake.

Vitabu vitakatifu vinavyosomwa mjini humu vinalitumia jani, kila kimoja kwa upande wake. Nabii Isaya anawalinganisha watu wenye dhambi na jani lililonyauka linalochukuliwa na upepo. Surat al-An'am, aya ya 59, inasema haliporomoki jani ila Mungu analijua. Hiyo ya pili mimi naiona kali zaidi, kwa sababu haizungumzii huzuni hata kidogo. Inazungumzia hesabu.

Lakini picha kuu ya kupoteza katika fasihi ya pwani ni nyumba. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unatembea ndani ya majumba yaliyoporomoka ya matajiri wa kale: madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri sasa yana makinda ya ndege. Anayetaka kuyaona hayo bila kupanda meli aende Kunduchi, kaskazini ya jiji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya karne ya 18 na 19. Nguzo za makaburi zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Vingi havipo tena. Umebaki mviringo kwenye chokaa, na ukitia kidole unagusa ukingo pale chombo kilipokaa. Kuzunguka hapo ni mibuyu. Ukienda kiangazi utaikuta imevua majani, na pengine ni mahali pekee Dar ambapo miti na watu wamekubaliana kuonyesha msiba mmoja. Mvua zikirudi, mibuyu inarudisha majani. Sahani hazirudi.

Pwani ilikuwa na majira yake ya kuagana pia, yakiletwa na upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, ilileta jahazi kutoka Ghuba na Uhindini. Kusi, kuanzia Aprili, ilizirudisha. Kati yake kuna maleleji, siku ambazo upepo haujaamua, na bandarini kila mtu alijua kwamba ukishaamua, mabaharia wanaondoka na hawatarudi kabla ya mwaka kugeuka. Kuna waliooa huku na kuacha watoto. Kuna waliosema narudi kaskazi ijayo. Kwa hiyo kule mtu anapotazama mti ukiwa mwekundu akahisi jambo linaisha, bibi wa pwani alihisi jambo hilo hilo upepo ulipogeuka shavuni. Meli za injini zimeliua jambo hilo, isipokuwa kwa wavuvi, ambao bado hupanga maisha kwa pepo hizo.

Kwa nini majira yavute kumbukumbu hata hivyo? Sehemu ya jibu ni harufu. Njia ya harufu kuingia ubongoni ni fupi, inapita karibu na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, na harufu moja inaweza kumrudishia mtu mwaka mzima kabla hajajua ananusa nini. Majani yanayooza kwenye unyevu hufanya hivyo kule. Huku kazi hiyo inafanywa na mvua ya kwanza ya vuli inapopiga vumbi. Harufu ile hutokana na mafuta ya mimea yaliyotua ardhini kipindi cha ukavu pamoja na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina la kitaalamu mwaka 1964. Muulize mtu mzima yeyote wa Buguruni harufu ya mvua ya kwanza inamkumbusha nini. Hatakuambia "majira". Atakuambia mtu.

Mjini kuna pia vitu vinavyoanguka kwa sababu vimeangushwa, na hivi visichanganywe na majani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walisimamisha katikati ya Dar sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliing'oa. Ilisafirishwa, ikaishia kusimamishwa Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967; ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena 1968, na mara hiyo haikurudi. Dar, tangu 1927, anasimama Askari wa shaba, bunduki imeelekea bandarini, kwa ajili ya walioanguka katika vita ile, wakiwemo wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu na ambao kikosi chao kimeacha jina Kariakoo. Kuanguka kwa Wissmann hakukumpotezea mtu wa mtaa wa Gerezani kitu.

Na kuna yale yasiyostahili sitiari yoyote. Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Usimpelekee mfiwa wa pale mashairi ya majani. Jani huanguka kwa sababu kazi imefanywa sawasawa. Jengo huanguka kwa sababu haikufanywa, na hapo swali ni nani aliidhinisha nondo na saruji.

Kwa miti yake iliyoanguka, jiji hili lilibuni ukumbusho wa bei rahisi, nao hufanya kazi kuanzia alfajiri mpaka saa tano usiku. Panda daladala yoyote umsikilize konda. Mwembechai! Mkwajuni! Mbuyuni! Mikoroshini! Mwembe Yanga! Anaita miti. Mnazi Mmoja, bustani ambayo jina lake lina mnazi mmoja tu. Mikocheni, ambako hata maana ya mkoche sasa itabidi uwaulize wazee. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, vituo vyake vya zege na vioo navyo vikaandikwa Mwembechai na Mkwajuni, na abiria wanashuka hapo na kadi zao bila kutazama juu kutafuta embe wala ukwaju.

Mitaa mipya ya pembezoni haina tena majina hayo, maana miti ilikatwa kabla ya watu kuhamia. Huko vituo vinaitwa Kanisani, Msikitini, Darajani, Sheli. Sheli nyingine zimekwishafungwa na kugeuzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na konda bado anauliza kama kuna wa Sheli, na mtu wa kiti cha nyuma bado anajibu, shusha.